Nimepangiwa semina na utafiti wangu haujaiva. Nifanyeje?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi wa historia katika chuo kimoja hapa Mtwara. Kitivo chetu kimeanzisha utaratibu: kila Jumatano ya mwisho wa mwezi mmoja wetu anawasilisha utafiti wake mbele ya wenzake, watu wa isimu, fasihi, sosholojia na jiografia, na wanafunzi wanaruhusiwa. Wiki ijayo ni zamu yangu. Nimehoji wazee 14 kati ya Mikindani na Nachingwea kuhusu reli ya ule mradi wa karanga wa Waingereza, lakini sijamaliza na sijaandika hata makala. Mzee mmoja aliniambia 'reli ilirudi kwao', nikaiandika pembeni ya daftari, sijui niifanyie nini. Mwezi uliopita mwenzangu wa fasihi alibanwa kwa nadharia na sampuli mpaka akaishiwa maneno mbele ya wanafunzi wake. Naogopa yasinikute. Naogopa pia kuibiwa wazo, na sijui nizungumze Kiingereza au Kiswahili. Mkuu wa idara anasema nisipowasilisha itaonekana sina utafiti. Nimefikiria kuomba ruhusa ya ugonjwa. Nifanyeje?"

Jibu:

Marahaba, mwalimu mwenzangu.

Hiyo ruhusa ya ugonjwa iweke kando kwanza, maana ninavyokusoma huumwi. Unaogopa, na hofu yako ina sababu: umemwona mwenzako akibanwa mpaka akanyamaza, na sasa kiti ni chako. Nimeisoma barua yako mara tatu na kila mara nimekwama mahali pamoja, kwenye yale maneno matatu ya mzee. Wewe umeyaandika pembeni ya daftari. Mimi naona hiyo ndiyo semina yako. Nitayarudia, ila tuanze na kinachokunyima usingizi.

Nadhani unachanganya semina ya wenzako na utetezi wa tasnifu. Kosa hilo si lako peke yako. Wengi wetu tumejifunza kuwasilisha utafiti siku moja tu maishani, siku ya kutetea shahada ya uzamili, mbele ya watu wenye kalamu na uwezo wa kutufelisha. Tukishaajiriwa tunaingia kwenye ukumbi wa semina na mwili ule ule: mtoa mada anakuja kujitetea, wasikilizaji wanakuja kutahini, na hakuna aliyewaambia kwamba safari hii hakuna alama. Huko Marekani, kwenye vyuo vinavyoweka historia, lugha, falsafa na sayansi za jamii chini ya paa moja kama kitivo chenu, wana desturi ya kusikilizana saa ya chakula cha mchana, kila mtu na mkate wake ndani ya mfuko wa kaki, na kikao chenyewe kimepewa jina la huo mfuko. Siwaigi kwa kila kitu, lakini hili nalipenda. Ni vigumu kujifanya hakimu ukiwa na mkate mdomoni. Sisi tunaanza na meza kuu yenye kitambaa, chupa za maji na dakika kumi za itifaki, halafu tunashangaa kwa nini watu wanakaa kama wako mahakamani.

Unasema utafiti haujaiva. Vizuri. Ulioiva ungeupeleka kwenye jarida, na ukishachapwa wenzako hawana cha kukuongezea zaidi ya makofi. Semina ina faida wakati swali bado liko wazi na rekodi bado ziko kwenye simu. Kwa majirani zako wa Kilwa kuna mfano. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya simulizi za wazee juu ya Vita vya Majimaji, vilivyoanza kwenye vilima vya Umatumbi mwaka 1905. Majina ya wanahistoria Gilbert Gwassa na John Iliffe yanaambatana na kazi hiyo mpaka leo. Kwa muda mrefu vita hivyo vilisomwa zaidi kama umoja wa taifa linalozaliwa. Baadaye Jamie Monson akauliza kuhusu mapatano na uhasama wa watawala wa nyanda za juu kusini, Thaddeus Sunseri akauliza kuhusu misitu na jinsi Wajerumani walivyowabana watu wasiitumie, na vita vile vile vikaonekana vina sura nyingine. Waliovifungua upya ni watu waliokuja na swali kutoka upande mwingine wa nyumba. Wewe unataka ufungiwe mlango umalize peke yako kwanza.

Sasa yale maswali yaliyommaliza mwenzako. "Umetumia nadharia gani?" "Sampuli yako ni watu wangapi?" "Pengo la utafiti ni lipi?" Ukiyasikia kwa mara ya kwanza unaona umetuhumiwa. Ukiyachungulia utaona kila moja limetoka kwenye taaluma fulani, na kila taaluma ina njia yake ya kuamua kipi kikubalike kuwa kweli.

Chukua sentensi hii: "Wazee wanaikumbuka reli kwa uchungu." Mtu wa sosholojia hapo amesikia dai kuhusu wengi, kwa hiyo anataka idadi. Wazee gani, uliwapataje, wanawake ni wangapi, na wale wasiokumbuka chochote umewaweka wapi? Hakuchukii. Umempa sentensi ya nyumbani kwake na yeye anaipima kwa mizani yake. Mwanahistoria akisikia hiyo hiyo anataka mwaka, na nani alimwambia nani. Mtu wa isimu hataki idadi wala mwaka. Anataka maneno yenyewe, kama yalivyotoka mdomoni, kabla wewe hujayanyoosha. Mtu wa fasihi anauliza ni hadithi ya namna gani, kwa sababu watu husimulia hata mambo ya kweli kwa umbo la hadithi walizozizoea. Nahisi mwenzako alikuja kusoma maandishi machache kwa kina, na mtu akampimia kwa kilo kitu kinachopimwa kwa futi. Alichokosa ni sentensi moja ya kuanzia: "Sidai kwamba watu wote wanaona hivi, naonesha jinsi kauli hii moja inavyofanya kazi." Msikilizaji akijua unadai nini, anajua akupime kwa kipimo kipi. Ukimwacha abahatishe, atachukua alichozoea, na ndipo ugomvi unapoanza bila mtu kukusudia.

Kuhusu lile la nadharia nikwambie ukweli wangu. Mara nyingi huulizwa na mtu aliyechelewa kuingia. Ushahidi hakuusikia, na nadharia ni swali linaloingia mada yoyote, kama kandambili za msikitini. Lijibu kwa heshima na kwa ufupi. Kwa kazi yako ingetosha kusema unasoma simulizi kama ushahidi wa mambo mawili kwa pamoja: lile la zamani linalosimuliwa, na la leo linalomfanya msimulizi alisimulie hivyo. Kisha mpe nafasi mtu wa pili.

Turudi kwa mzee.

Kalenda ya makabrasha unaijua. Mradi wa karanga ulibuniwa baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula. Ujumbe wa mwaka 1946 ukapendekeza kufyeka zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, na huku kwetu wakaichagua Nachingwea. Mwaka 1951 Serikali ya Uingereza ikaufuta mradi, umeshameza pauni kama milioni 36. Bandari ya Mtwara, ambayo mradi huo ndio uliofanya ijengwe, ikakamilika mwaka 1954 karanga zikiwa zimeshakuwa habari ya zamani. Reli ikaendelea kukokota bila mzigo uliotarajiwa mpaka mwaka 1962 ikafungwa, na vyuma vikang'olewa.

Angalia hiyo nafasi ya miaka 11 kati ya 1951 na 1962. Mzee anaposema reli "ilirudi kwao", iliondoka pamoja na nani? Na mradi, au na wakoloni, ambao bendera yao ilishuka Desemba 1961? Tena piga hesabu ya umri kabla mtu hajakupigia hadharani. Mzee aliyezaliwa 1945 alikuwa na miaka 6 mradi ulipofutwa na 17 reli ilipofungwa. Kumbukumbu yake ya vibarua na matingatinga huenda ni ya baba yake, na ya kwake mwenyewe ni ya reli inayokufa. Hilo halimharibu kama shahidi. Linabadilisha anachoshuhudia. Wagawe wazee wako 14 kwa hesabu hiyo hiyo usiku mmoja na utaona simulizi zinajipanga zenyewe katika mafungu mawili au matatu. Jedwali dogo la namna hiyo, lisilo na majina, litamridhisha mtu wa sosholojia kuliko utetezi wowote.

Halafu sikiliza maneno yenyewe. Kwa Kiswahili kitu hakirudi kwao. Meza uliyoazima inarudishwa kwa mwenyewe; jembe linarudishwa. Anayerudi kwao ni mtu: mgeni aliyemaliza siku zake, kibarua aliyemaliza mkataba, mwanamke aliyechoshwa na ndoa. Tukiambiwa fulani amerudi kwao tunashusha sauti na kuuliza kulikoni. Mzee angeweza kusema reli iling'olewa, na hapo lazima awepo mng'oaji, mtu mwenye spana. Amemwondoa mwenye spana kwenye sentensi na kuipa reli miguu na ukoo.

Sasa mpe sentensi hiyo mtu anayejua mila za kusini. Wamakonde, Wamwera na Wayao ni watu wa ukoo wa mama, na zamani mwanamume ndiye aliyehamia kwa wakwe, akalima shamba lao huku akitazamwa. Ndoa ikivunjika, wa kurudi kwao alikuwa yeye. Kwa hiyo inawezekana mzee anaisema reli kama mkwe: bwana harusi aliyekuja na mbwembwe na mashine, akashindwa kulima, akafungasha. Sikwambii ndivyo ilivyo. Nakwambia hilo ni swali la kusimama nalo mbele ya watu 20, na peke yako ofisini hutalijibu, kwa sababu jibu lake limegawanyika kati ya ofisi nne kwenye korido yenu.

Ila kuna shimo, na afadhali nikuoneshe mimi. Mzee alisema kwa lugha gani? Kama alisema Kimwera au Kimakonde na wewe, au kijana aliyekusindikiza, ndiye aliyesema "kwao", basi tumejenga ghorofa juu ya neno la mkalimani. Rudi kwenye rekodi leo usiku, usikilize na usitegemee daftari. Mtu wa isimu atakuuliza hilo katika dakika ya kwanza, na akiuliza atakuwa na haki.

Nilipowasilisha kwa mara ya kwanza, chuo sikitaji, nilipewa nusu saa nikaja na slaidi 42. Ushahidi wangu ulikuwa slaidi ya 31. Mwenyekiti alinikata nikiwa kwenye ya 26, bado naeleza usuli ambao nusu ya ukumbi waliujua kunizidi. Makofi yalipigwa. Tulipotoka kunywa chai mzee mmoja wa jiografia akanishika bega akaniuliza taratibu, "Sasa wewe uligundua nini?" Sikuwa na jibu la sentensi moja. Tangu siku hiyo napanga kinyumenyume: ushahidi kwanza, usuli kwa kadiri ushahidi unavyouhitaji.

Kwako naona hivi. Dakika tano za kalenda niliyoitaja, na ramani. Kisha weka ile sentensi ukutani, peke yake, herufi kubwa, uisome mara moja na unyamaze. Ukimya huo utakutisha wewe tu; wao watakuwa wanasoma. Baada ya hapo wape tafsiri mbili, ile unayoiamini na ile inayokukosesha raha, na uoneshe wazee wengine wanasema nini karibu na hapo. Malizia na jambo usilolijua, ulitamke kama swali, kwa mtu wa taaluma fulani ikiwezekana. Ukurasa mmoja uliochapwa kwa nafasi pana husomwa kwa dakika mbili hadi tatu, kwa hiyo makala ya kurasa 20 haiingii nusu saa hata ukikimbia. Usisome kabisa kama unaweza. Chapisha sentensi na ramani kwenye karatasi moja, nakala za kutosha ukumbi, maana kutoa gesi Mnazi Bay hakujatukinga na umeme kukatika katikati ya projekta.

Lugha. Vyuo vyetu vinafundisha kwa Kiingereza, na ratiba ya kitivo pengine imeandikwa kwa Kiingereza. Uliza mratibu kama kuna sharti. Mara nyingi hakuna, kuna mazoea. Kwa mada hii ningezungumza Kiswahili bila kusita, kwa kuwa ushahidi wenyewe unakaa ndani ya neno "kwao", na ukilitafsiri ukumbini umeshaliua. Gharama ipo. Makala utaiandikia jarida la Kiingereza baadaye, na kama kuna mgeni asiyejua Kiswahili atabaki nje. Muwekee ukurasa mmoja wa muhtasari. Kiingereza kinafaa kama lengo lako ni kujaribu sentensi za makala yenyewe, au kama dhana zako zote umezisoma kwa Kiingereza na kwa Kiswahili zinakukwama kooni. La kuepuka ni kuanza Kiingereza, ukachoka dakika ya kumi, ukamalizia mchanganyiko. Watu watadhani umebabaika, hata kama umebadili kwa makusudi.

Kuhusu wizi wa wazo sitakubembeleza kwamba haupo. Upo. Lakini tazama unatokea wapi zaidi. Wazo lililosemwa mbele ya watu 20, likiwa na tarehe na jina lako kwenye tangazo la kitivo, lina mashahidi. Linaloliwa kimya kimya ni faili ulilomtumia mtu kwa WhatsApp akupe maoni. Kwa hiyo simama useme, na rekodi ghafi pamoja na manukuu kamili ya mahojiano baki nayo. Akija mtu baadaye anataka mwandike pamoja, mwambie aeleze ataongeza nini, na mkubaliane majina yatakaaje kabla ya aya ya kwanza kuandikwa.

Kuna jambo hukuniuliza na linanisumbua kuliko wizi. Wazee wako waliridhia nini? Mzee akikubali kuhojiwa "kwa ajili ya kitabu cha shule" hajakubali sauti yake ichezwe kwenye ukumbi ambao nusu ya watu wanamjua mjukuu wake. Mtwara ni ndogo. Ukisema "mzee mmoja, dereva wa zamani, jirani na msikiti wa ijumaa" umeshamtaja. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na chuo chako bila shaka kina masharti yake ya maadili ya utafiti. Hata bila sheria, ni adabu. Ondoa jina, ondoa kijiji, sema wilaya inatosha. Sauti usicheze mpaka umeuliza upya. Na kama miongoni mwa hao 14 kuna aliyekugusia mambo ya jando au unyago katikati ya habari za reli, hayo yaache kwenye daftari, usiyalete kabisa.

Siku yenyewe, weka kalamu na uandike kila swali kabla ya kulijibu. Inakupa sekunde kumi, na muulizaji anaona amechukuliwa kwa uzito. Ruhusa unayo ya kusema "hilo sijalifikiria, nisaidie", na ukilisema mapema, sauti ya ukumbi inabadilika. Muulizaji akikutoa nje ya njia, mrudishe kwa upole. Ninaweza kukuahidi kwamba kuna mtu atainuka na Nachingwea ya wapigania uhuru, kambi ya FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, na atazungumza dakika nne. Mshukuru, na umkumbushe kwamba FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka ule ule wa 1962 reli ilipofungwa, kisha umuulize yeye: je, wazee wanazichanganya Nachingwea hizi mbili? Anaweza kukupa aya nzima ya makala yako.

Usipopata swali hata moja, usihesabu kwamba umeanguka. Watu wa taaluma nyingine hunyamaza kwa sababu wanaogopa kuuliza la kijinga mbele ya wanafunzi, hofu ile ile uliyo nayo wewe. Mwombe rafiki mmoja mapema awe tayari na swali dogo la kufungulia. Si udanganyifu. Hata ngoma kuna mtu huanza kuingia uwanjani.

Wanafunzi unaona ni tatizo, na hapo sikubaliani nawe. Mwanafunzi akimwona mwalimu wake akisema "sijui bado" na kueleza atajuaje, amepata somo la mbinu za utafiti ambalo muhula mzima wa nadharia haumpi. Mwenzako hakuaibika kwa sababu wanafunzi walikuwepo. Aliaibika kwa sababu mwenyekiti aliacha maswali yageuke mashtaka. Nenda kwa mwenyekiti wako kabla ya siku, umwombe maswali mafupi, mtu mmoja swali moja, na wanafunzi waanze. Mwanafunzi akishauliza "reli yenyewe ilipita wapi?", profesa anaona aibu kuanza na mbwembwe.

Je, uahirishe? Ningeahirisha kwa sababu moja tu, ridhaa ya wazee ikiwa haijakaa sawa na huwezi kuiweka sawa kabla ya Jumatano. Hiyo mwambie mratibu waziwazi, na omba tarehe nyingine kwa maandishi ili isionekane umekimbia. Kuahirisha kwa sababu ya woga kunakupa mwezi wa nafuu, halafu woga unarudi umenenepa. Njia ya kati ipo: omba dakika 15 badala ya 30, mzungumze mkiwa mmekaa kwenye duara, bila jukwaa. Mkuu wako wa idara amezungumza kwa ukali, lakini anachohitaji kwenye taarifa yake ni kwamba umewasilisha, na duara linahesabika. Hasara yake ni kwamba watu wa nje ya kitivo hawatakuja, na wakati mwingine swali bora huwa nao.

Na kuna mambo ambayo barua kama hii haiwezi kuyatibu. Kama usingizi umekatika kwa wiki kadhaa, moyo unakwenda mbio ukiwa umekaa tu, unatapika kabla ya kufundisha hata darasa ulilolizoea, au umefikia kuwaza kwamba afadhali usiwepo, usingoje Jumatano ipite. Nenda hospitali ukamweleze daktari hivyo hivyo ulivyo, au mwone mshauri nasaha wa chuo, leo au kesho. Kama kuna mkubwa anayekutweza mbele ya watu kwa makusudi, semina baada ya semina, hilo nalo si la mbinu za kuwasilisha. Lipeleke kwa mtu anayeweza kumwita, ana kwa ana, ukiwa na tarehe na maneno uliyoandika. Kwa woga wa kawaida wa mara ya kwanza, dawa yake ni kuwaita wenzako wawili Jumatatu jioni, mmoja awe asiyejua historia kabisa, useme yote kwa sauti mbele yao ukiwa umesimama. Mahali watakapopiga miayo, kata.

Lakini kabla ya Jumatatu kuna Jumamosi. Panda basi la alfajiri urudi kwa yule mzee, umpelekee kilo mbili za sukari na majani ya chai. Mwombe upya ruhusa ya kutumia maneno yake mbele ya walimu wenzako, bila jina. Akikubali, mwambie hukumwelewa vizuri siku ile, na umuulize: ile reli, kwao ni wapi?